Mkono wa Pole katika Jamhuri ya Pongezi

Haikuwa zamani na wala si mbali, ila ukiuliza njia ya kwenda huko watakuambia upite kwanza ofisini. Jamhuri ya Pongezi ni nchi ndogo yenye heshima kubwa. Watu wake hupongezana tangu alfajiri: kwa kuamka, kwa kufika salama, kwa barabara iliyozinduliwa jana na kwa ile itakayozinduliwa ikipatikana. Na pale ambapo pongezi hazifai kabisa, kwa mfano mtu anapokuwa hoi kitandani, hupeana pole. Ndiyo maana serikali yao ina Wizara ya Pole, Pongezi na Afya, na ile idara ya Afya imepewa chumba cha nyuma, pamoja na viti vilivyovunjika.

Mtu wetu ni Bwana Feruzi Makame, Afisa Itifaki wa Hospitali Kuu. Usishangae hospitali kuwa na afisa itifaki. Ilipungukiwa madaktari, ilipungukiwa wauguzi, mashuka yake yalikuwa ya kugombania, lakini wageni haikuwahi kupungukiwa hata siku moja. Walikuja wabunge, wakaja wake wa wabunge, wakaja mameneja wa benki, wakaja warembo waliovikwa taji na timu za mpira zilizotaka kusahau matokeo. Wote walikuja kuwapa wagonjwa mkono wa pole. Kazi ya Feruzi ilikuwa kuipokea misafara getini, kupeana mkono na kila mmoja kwa kufuata cheo, kuiongoza wodini, na kuhakikisha hakuna mgonjwa anayekohoa wakati mgeni rasmi anazungumza. Kazi hiyo aliijua barabara. Alikuwa na suti moja ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikaanza kung'aa magotini, na aliweza kuinama kwa namna ambayo kila mkubwa alihisi ameinamiwa yeye peke yake.

Sasa, pale palikuwa na desturi ya kugusa mpira. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Mabruki Tendegu, alipigwa picha wakati fulani katika chumba cha mahututi akimnyooshea mzee mmoja mpira wa oksijeni puani. Picha ile ilijaa magazeti yote, na watu wazima walilia hadharani. Kusema kweli Mheshimiwa alikuwa amejikwaa, akaushika ule mpira asianguke, lakini nani angeuliza jambo dogo kama hilo? Tangu siku ile, mgeni asiyegusa mpira alionekana hana huruma. Msafara ulianza na mahututi, kwa kuwa huko ndiko kwenye mipira mingi, kisha ukaja wodi za kawaida, na nyuma ya mgeni rasmi wasaidizi wake walipanga foleni nao waguse. Mgonjwa aliyekuwa anapumua vizuri bila msaada aliazimwa mpira wa picha, na picha ikishapigwa alivuliwa, akavishwa mwenzake wa kitanda cha pili.

Zawadi ilikuwa sabuni. Kila mgonjwa alipewa kipande chenye picha ya Waziri kwenye karatasi, akitabasamu. Kwa kuwa kuichana sura ya Waziri lilikuwa kosa, sabuni zilipangwa chini ya vitanda zikakaa hapo, nzima na safi, wodi ikawa inanukia vizuri kuliko ilivyostahili.

*

Basi mama yake Feruzi, Bi. Mwanakheri, akateleza akitundika pazia, akavunjika nyonga. Bibi huyu alimlea mwanawe peke yake kwa kuuza vitumbua, na Feruzi alimpenda kuliko cheo chake, jambo ambalo kwa Mpongezi si dogo. Alipolazwa, Feruzi alifanya ambacho mtoto yeyote mwenye nafasi angefanya. Alimfuata muuguzi mkuu, akambembeleza, akainama ule mwinamo wake, mpaka mama akapewa Kitanda cha Heshima. Hiki ni kitanda cha kwanza mlangoni mwa Wodi ya Wanawake, ambacho mgeni hukifikia anapotoka tu chumba cha mahututi. Shuka lake halikuwa na tundu hata moja.

Bi. Mwanakheri akawa wa kwanza kupewa mkono na kila mkubwa. Sabuni zikajaa chini ya kitanda mpaka viatu vyake vikakosa pa kukaa. Kila alipokwisha kuusindikiza msafara getini na kuagana na kila mtu, Feruzi alirudi mbio kwa mama yake, akamwekea mto sawa, akamfuta jasho usoni, akamuuliza kama ameona jinsi Naibu Waziri alivyomshika mkono kwa mikono yote miwili. Mama akajibu kwamba ameona, na kwamba mikono ya Naibu Waziri ilikuwa na unyevunyevu.

Alikuja hospitali na ugonjwa wa mfupa. Haukupita muda mrefu akaanza kukohoa, kifua kikambana, homa ikampanda, akawekewa mpira wa oksijeni, safari hii wa kweli. Ilikuwa nimonia.

Aliyemweleza Feruzi habari yenyewe ni Daktari Siwema Lugendo wa maabara, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye ofisi yake ilikuwa mahali ambapo hakuna msafara uliowahi kufika. Kazi yake ilikuwa kuchukua makohozi ya wagonjwa na kuyaotesha kwenye visahani ili aone ni bakteria gani wanaokula mapafu. Alikuwa amegundua jambo. Waliokuja na nimonia kutoka nyumbani kwao walikuwa na bakteria wa mtaani, wanaosikia dawa za kawaida. Lakini waliokuja na mguu uliovunjika au ngiri, wakapata nimonia wakiwa wamelala pale pale, walikuwa na jamaa wengine kabisa: klebsiela, sudomonasi na asinetobakta. Hao ni wakorofi wa hospitalini. Wanapenda mipira yenye unyevu na mikono isiyonawa, na dawa nyingi za pale famasi wamezizoea kama chai. Tena hawakusambaa ovyo. Walianza chumba cha mahututi, wakaja Kitanda cha Heshima, wakashuka kitanda hadi kitanda, kwa mpangilio ule ule wa msafara.

Daktari Siwema hakuridhika na kukisia. Siku Waziri alipokuja, alinawa kwa spiriti, akajipanga mstarini na wenzake, akapewa mkono, kisha akatembea mpaka maabara bila kugusa kitu, akakibandika kiganja chake kwenye kisahani. Kilichoota ndicho alichomwitia Feruzi.

"Huu ni mkono wa Mheshimiwa," alisema, akakiweka kisahani mezani.

Feruzi akasimama wima, akafunga kifungo cha koti. Ilimchukua muda kutambua kwamba amesimama kuuheshimu utelezi wa kijivu wenye umbo la vidole. Akakaa, uso umemshuka. Daktari akamweleza kwamba utelezi huo huo ndio aliouotesha kutoka kifuani kwa Bi. Mwanakheri, kwamba katika famasi nzima imebaki dawa moja tu ambayo bakteria hao bado wanaisikia, kwamba mama ameanzishiwa hiyo, na inafanya kazi kwa kusuasua. Akiongezewa wengine juu ya hawa, na umri ule, kitakachobaki ni dua.

"Waambie wageni wanawe," alisema. "Maji na sabuni, kabla ya kumgusa mgonjwa. Basi."

"Nimwambie Waziri kwamba mikono yake ni michafu?"

"Mwambie anawe."

"Ni neno lile lile, Daktari."

*

Daktari Siwema akaona isiwe tabu, akapeleka taarifa wizarani mwenyewe. Wizara haikuipuuza, maana Wapongezi si watu wa kupuuza. Waziri aliita waandishi wa habari siku iliyofuata, nyuma yake yakiwa yamepangwa maua.

"Nimeyasoma majina haya kwa makini," alisema. "Klebsiela. Sudomonasi. Asinetobakta. Nawauliza, ndugu waandishi: kuna ukoo gani hapa nchini wenye majina haya? Hawa ni wageni. Na mimi kama Waziri nataka kujua wameingiaje bila kupokelewa."

Makofi yalipigwa. Jioni hiyo hiyo maafisa wa Uhamiaji wakawekwa kwenye milango ya wodi, wakikagua kila kilichopita chini na juu. Mmoja wao alikaa karibu mno na chumba cha mahututi, akaanza kukohoa, akalazwa, naye akapewa mkono wa pole. Daktari Siwema aliteuliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya kuwatafutia bakteria majina ya kizalendo, ili asipate tena nafasi ya kuotesha chochote. Na kwa kuwa wagonjwa wa nimonia walikuwa wanaongezeka, serikali ikaona pole zinazotolewa hazitoshi. Ikatangazwa Siku ya Taifa ya Mkono wa Pole: Waziri, manaibu, makatibu, wakuu wa idara na wenzi wao, wote kwa pamoja, wataingia mahututi na kisha Wodi ya Wanawake.

Mgonjwa wa picha alishachaguliwa. Ni mama wa mtumishi mwenzetu, walisema wizarani, ana sura ya huruma na mpira wake ni wa kweli. Mheshimiwa Tendegu angeunyoosha mpira wa Bi. Mwanakheri, na wote waliobaki wangefuata.

Feruzi alipopewa habari hizo alishukuru kwa niaba ya familia, kisha akaenda chooni akashika ukuta. Alijaribu kumhamisha mama kitanda; muuguzi mkuu akamwonyesha alama ya chaki iliyochorwa sakafuni, mahali pa kusimama Waziri, akasema chaki ikishachorwa imechorwa. Kumrudisha nyumbani haikuwezekana, kwa sababu nyumbani hakuna oksijeni. Kumwambia Waziri anawe ilikuwa sawa na kujifukuza kazi na mama kubaki pale pale kitandani. Akakaa kwenye kigoda pembeni ya Bi. Mwanakheri, akawa anamsikiliza anavyovuta pumzi, kila moja ikija kwa taabu. Aliogopa. Aliogopa kama alivyokuwa akiogopa utotoni mama anapochelewa kurudi sokoni.

Saa ya uji ikafika. Jirani wa kitanda cha pili, mwenye mkono uliofungwa plasta, aliletewa chakula na binti yake. Binti akashika jagi, akaweka beseni, akamnawisha mamaye mkono mzima kabla ya kumfunulia sahani. Mama yule hakununa wala hakuuliza kama anadhaniwa mchafu. Feruzi akalitazama lile jagi mpaka binti akaona haya na kumuuliza kama naye anataka kunawa.

*

Siku ya Taifa ilipofika, ving'ora vilianza kusikika tangu kwenye mzunguko wa barabara. Feruzi aliwapokea getini, akapeana mkono na kila mmoja kwa cheo, akaupandisha msafara mpaka kwenye baraza ya juu, kabla ya mlango wa mahututi. Hapo alikuwa ameweka beseni kubwa, majagi yaliyojaa, taulo jeupe, na sabuni ya Waziri. Karatasi yake alikuwa ameichana asubuhi nyuma ya mlango, taratibu, akihakikisha mchano unapita chini ya kidevu.

Akainama ule mwinamo wake, akasema, "Karibu, Mheshimiwa," akaanza kumimina maji.

Mheshimiwa Tendegu alifurahi. Aliitambua sabuni yake, akalisifu povu lake, akanawa mpaka kwenye viwiko. Manaibu wakanawa. Makatibu wakanawa. Wenzi wao wakavua pete wakanawa. Kwa mara ya kwanza tangu ilipojengwa, Hospitali Kuu ilijaa watu wenye mikono safi, wameiinua juu kama madaktari wa upasuaji, na Feruzi moyo ukamtulia. Akauelekeza mkono mlangoni.

Hakuna aliyeondoka. Waziri alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaketi kwenye benchi la kusubiria na mikono yake juu. Wote wakaketi.

Hapo ndipo Feruzi alipokumbuka. Katika Jamhuri ya Pongezi, na nadhani hata kwenu, aliyenawishwa amekaribishwa chakula. Kumnawisha mtu mikono, tena kwa jagi na taulo, halafu ukamwambia atangulie akaone wagonjwa, ni dharau ambayo hata wajukuu hawaisahau. Naibu Waziri tayari alikuwa ananusa hewa.

"Chakula kinakuja, Mheshimiwa," alisema Feruzi, akashuka ngazi mbio.

Jiko la hospitali lilikuwa na uji. Lakini uani, kama ilivyo kila mchana, ndugu wa wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye vivuli na hotpoti zao wakisubiri kufunguliwa geti, kwa maana uji wa pale hauponyi mtu. Feruzi alisimama mbele yao. Kwa kawaida alikuwa akisimama hapo kuwaambia wasogee misafara ipite. Safari hii maneno ya itifaki yalimkimbia, akawaambia ukweli mtupu. Aliwaambia juu ya mikono na mipira na wakorofi wale, na kwamba mama yake yuko kitanda cha kwanza, dawa yake ni ya mwisho.

"Wakila wakashiba," alisema, "pengine hawataingia."

Watu walimtazama. Mwanamke mmoja mnene, ambaye mumewe alikuwa kaingia na mguu na sasa anakohoa, aliifikiria habari ile, akaifikiria tena, kisha akampa Feruzi hotpoti yake. "Pilau," alisema. "Mwambie nyama iko chini." Mwingine akatoa ndizi za nazi. Mwingine samaki wa kukaanga, kazi aliyoiamkia alfajiri. Maharage, chapati, mchicha, vyote vikapanda ngazi, na wagonjwa mchana ule wakala uji.

Sijui kama umewahi kuona serikali ikila. Hii ilikula kwa utaratibu, kuanzia juu kushuka chini. Waziri alirudia pilau, akarudia tena kwa ajili ya wapiga picha. Wake kwa waume walitafuna wakitikisa vichwa kwa uchungu wa wagonjwa waliokuwa nyuma ya ule mlango. Walipomaliza Feruzi akawanawisha tena, na Mheshimiwa akasimama kuhutubia, mkono mmoja tumboni.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. "Leo tumekula chakula cha wagonjwa wetu. Ni chakula kizuri. Nchi ambayo wagonjwa wake wanakula hivi haiwezi kusumbuliwa na hao kina klebsiela. Kuanzia sasa naagiza kila msafara, katika kila hospitali, upokewe kwa chakula kama hiki kabla ya kuingia wodini, na fungu la fedha za dawa litazamwe upya lisije likakwamisha mchele."

Makofi yalikuwa mazito, ya watu walioshiba. Waziri akautazama mlango wa mahututi, kisha akayatazama madirisha ya Wodi ya Wanawake kule mwisho wa baraza. Akauliza wagonjwa wanaendeleaje. Feruzi akajibu kwamba wamepumzika. Mheshimiwa akapiga mwayo, akasema basi waachwe wapumzike, wapewe pole zake. Ving'ora vikaanza kulia.

Feruzi aliwasindikiza getini, akaagana na kila mmoja kwa cheo, madereva nao wakataka mkono, akawapa. Gari la mwisho lilipokata kona alirudi akikimbia ngazi mbili mbili, suti imemwagikiwa mchuzi, amejaa furaha kama mtu aliyekombolewa. Bi. Mwanakheri alikuwa macho. Mpira wake ulikuwa umekaa upande kidogo puani. Feruzi akacheka, akaunyoosha mkono amwekee sawa, kama alivyokuwa akimwekea kila siku.

"Umenawa?" mama aliuliza.

Sauti ilikuwa ndogo lakini haikuwa na mchezo. Daktari Siwema alikuwa amepita asubuhi, akamweleza yote kuhusu mikono na wakorofi wale. Feruzi akabaki na mkono hewani. Aliutazama. Aliwamiminia maji Waziri, manaibu, makatibu na wenzi wao, tena kila mmoja mara mbili, na yeye hakulowa hata ukucha. Mkono huu ulikuwa umewapokea wote getini na kuagana nao wote. Ulifanya hivyo leo, na ulifanya hivyo kila siku ya kila msafara tangu mama alazwe, na kila mara ulikuja moja kwa moja hapa, kwenye mto, kwenye uso, kwenye mpira. Waziri alikuja mara moja moja. Yeye alikuja kila siku, kwa sababu alimpenda. 

Akaenda kwenye bomba la kona. Likakoroma, likatoa hewa. Tangi lilikuwa limekauka; maji yote ya wodi yalikuwa yamekwenda kwenye viwiko vya serikali, na spiriti ya wauguzi ilikwisha wiki ile.

Basi Feruzi akavuta kigoda mpaka mlangoni, akakaa na kuikalia mikono yake yote miwili. Kutoka pale akamsimulia mama yake habari nzima: karatasi ya sabuni, mikono iliyoinuliwa, Naibu Waziri anavyonusa, pilau na samaki, hotuba. Bi. Mwanakheri, ambaye dawa ile ya mwisho hatimaye ilimfungua kifua, ambaye baadaye alitoka pale kwa magongo yake mwenyewe na mpaka leo anauza vitumbua, alicheka mpaka kikohozi kikamshika na mpira ukamtoka puani. Feruzi akainuka nusu, akakaa tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Mama akauinua mkono wake mwenyewe, taratibu, akautafuta mpira kwenye mto, akaurudisha mahali pake. Akavuta pumzi.

"Haya," alisema. "Na yule samaki, aliliwa na nani?"